Ajali Ina Kinga

Ipo methali isiyokosekana penye msiba wa moto: ajali haina kinga. Mzee huitamka kwa kuwafariji wafiwa, na katika kinywa chake ni neno la huruma. Lakini methali hiyo hiyo ikitamkwa na mtu aliyepewa dhamana ya kuwalinda watoto wa wenzake, hugeuka ikawa pazia la kuficha uzembe. Mimi nataka kubishana nayo. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba moto wa bweni ni ajali yenye kinga. Kwamba kinga hiyo yajulikana, yauzwa madukani, na fundi wa umeme aliyefunzwa aweza kuitundika darini. Na kwamba kutoitundika, au kuitundika kisha kuisahau, ni kosa la watu.

Kabla ya hoja, tuyatazame makaburi. Machi 1998 walikufa wasichana 26 katika bweni la Bombolulu, huko pwani. Machi 2001 walikufa wavulana 67 Kyanguli, katika Machakos. Septemba 2017 walikufa wasichana 10 katika shule ya Moi, Nairobi. Septemba 2024 walikufa wavulana 21 Endarasha, katika Nyeri. Miaka ni mbalimbali na mahali ni mbalimbali, lakini wakati ni mmoja: ulikuwa usiku, na watoto walikuwa wamelala. Jambo hili la usingizi ndilo nililokuja kulisema, maana ndilo tunalolisahau kila tunapozungumza habari za moto.

Watu wengi hudhani kwamba nyumba ikiungua, aliyelala ataamshwa na harufu ya moshi. Wamekosea. Pua hulala pamoja na mwenyewe. Tena moshi wa magodoro ya sponji, mablanketi na masanduku hubeba hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo badala ya kumwamsha mtu humzidishia usingizi, mpaka usingizi ukawa mauti. Mara nyingi moshi huua kabla ndimi za moto hazijakifikia kitanda. Mwaka 1959, katika mji wa Los Angeles, Wamarekani walilitia moto kwa makusudi jengo kuukuu la shule ili wajifunze namna moto unavyokwenda. Wakaona kwamba adui mkubwa wa wanafunzi ni moshi. Basi ikiwa adui ni moshi, na pua imelala, twahitaji mlinzi asiyelala.

Mlinzi huyo yupo. Ni kigunduzi cha moshi, chombo chenye ukubwa wa kisahani cha kikombe, nacho ni cha aina mbili. Aina ya kwanza hutumia nuru. Ndani ya kijumba chake cheusi mna taa ndogo, na kando yake jicho la umeme lililowekwa mahali ambapo mwanga haulifikii. Hewa ikiwa safi, jicho halioni kitu. Moshi ukiingia, chembe zake huutawanya mwanga, sehemu ya mwanga huo hulifikia jicho, na kengele hulia. Aina ya pili hutumia chembe ya madini yaitwayo amerisiamu, ambayo miali yake huiwezesha hewa kupitisha mkondo hafifu wa umeme. Moshi ukiingia, mkondo hupungua, na kengele hulia. Aina hii ya pili huwahi kuutambua moto unaolipuka kwa ndimi. Ile ya kwanza huwahi kuutambua moto unaofukuta polepole, kama wa godoro. Kwa hiyo mahali pa kulala watu, chombo cha nuru ndicho kifaacho zaidi.

Labda utasema, "Lakini serikali imekwisha kuagiza kengele za moto." Ni kweli. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule, na ndani yake mna maagizo mema: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, kati ya vitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2, na kengele za moto ziwekwe mahali panapofikika kwa urahisi. Yafikirie maneno hayo ya mwisho. Kengele inayofikika kwa urahisi ni kengele inayongoja mkono wa mtu. Na mkono wa mtu aliyelala haubonyezi kitu. Kengele ya namna hiyo yafaa darasani na karakanani, mahali penye macho. Bwenini, saa nane za usiku, ni pambo la ukutani, isipokuwa juu yake, darini, kuna chombo kinachoweza kuiliza pasipo kungoja mtu aamke.

Wala usidhani kwamba hata mchana macho ya watu yatosha. Tarehe 1 Desemba 1958, mjini Chicago, moto uliwaka katika pipa la taka chini ya ngazi ya shule ya Our Lady of the Angels. Shule ilikuwa imejaa watoto na walimu, wote wako macho, lakini moto ukaendelea muda mrefu bila kujulikana, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kuutangaza. Moshi ulipanda kwa ngazi ukaijaza njia ya ghorofa ya juu. Walipotambua, njia ya kutokea ilikuwa imekwisha kuzibwa. Walikufa watoto 92 na watawa 3. Na jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba jengo hilo lilikuwa limekaguliwa majuma machache tu kabla yake, likapita. Karatasi ilisema pana usalama. Moshi haukuisoma karatasi.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana si haki kumshinda mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusema.

Wa kwanza husema, "Tuna bawabu, tuna matroni." Namheshimu bawabu, lakini yeye yuko langoni, nje, na kazi yake ni kumtazama mwizi. Matroni naye ni mwanadamu. Amefanya kazi tangu alfajiri, na usiku hulala kama wewe. Bawabu na matroni ni wa kuwatoa watoto baada ya kuamshwa; wao wenyewe wahitaji wa kuwaamsha.

Wa pili husema, "Mioto mingi ya shule huwashwa na wanafunzi wenyewe, chombo hakiwezi kuzuia uovu." Ni kweli kwamba hakiwezi. Lakini waliokufa si wale waliowasha. Kigunduzi hakiulizi nani aliyewasha, wala hakingoji baraza la hukumu. Hulia kwa ajili ya wema na wabaya. Na moto uliomwagiwa petroli, kwa kuwa huenda mbio, ndio unaofanya kila dakika iwe na thamani ya roho za watu.

Wa tatu husema, "Ni ghali." Huyu nampeleka katika hesabu ya shule yake. Aniambie lango jipya la shule liligharimu kiasi gani, na rangi yake, na hema la siku ya zawadi. Sisemi kwamba vyombo hivi hupatikana bure. Nasema kwamba shule iliyopata fedha ya kupendeza machoni pa wageni haiwezi kudai kuwa haikupata fedha ya kuwaamsha watoto wake.

Wa nne ndiye hatari kuliko wote, maana amekwisha kununua. Husema, "Tulivitia, lakini vikawa vikilia ovyo, tukavizima." Hapa, msomaji, sina budi kukueleza kazi yenyewe, maana chombo kikilia ovyo mara nyingi kosa si lake.

Kigunduzi kikitundikwa karibu na jiko, au karibu na bafu lenye mvuke, kitalia kila siku, na watu watakichukia. Kikitundikwa pembeni kabisa, pale ukuta unapokutana na dari, huenda moshi usikifikie upesi, maana hewa ya pembeni hukaa imetulia. Bweni lisilo na dari, lenye paa la kuinuka, moshi hupanda juu penye kilele. Chombo kikiwekwa chini, moshi hukipita juu. Tena chumba kirefu hakitoshelezwi na chombo kimoja; kanuni ya Waingereza hudai pasiwe na mahali katika chumba palipo mbali zaidi ya mita 7.5 na kigunduzi. Na vyombo vyote viunganishwe kwa nyaya na sanduku moja kuu, ili kimoja kikinusa moshi kengele zilie pote, hata kwenye nyumba ya mwalimu, na sanduku lionyeshe ni bweni gani. Sanduku hilo liwe na betri zake, maana umeme hukatika, na moto haungoji urudi. Sauti nayo ichaguliwe kwa akili: wachunguzi wameona kwamba watoto huamshwa kwa urahisi zaidi na sauti nene kuliko mlio mwembamba.

Kisha huja matunzo, na hapa ndipo penye aibu yetu. Sisi ni hodari wa kufungua na wavivu wa kutunza. Siku ya kuzindua jengo tutakata utepe na kupiga picha. Mwaka wa pili betri zimekufa, buibui amejenga ndani ya kijumba cha nuru, vumbi la kiangazi limejaa, na wakati wa kupaka rangi dari mpakaji amevipaka na vyombo pamoja, akaziba matundu yake. Kwa nje bado ni kisahani cheupe. Mkaguzi hukitazama akaandika "kipo". Mzazi hukiona akarudi nyumbani na moyo uliotulia. Mimi nasema chombo kilichokufa darini ni kibaya kuliko kutokuwapo chombo. Pasipo chombo, mtu mwenye busara huhofu, na hofu humfanya akeshe. Penye chombo kilichokufa, wote hulala kwa kuamini uongo.

Na matunzo yenyewe si elimu ya siri. Kila wiki, siku ile ile na saa ile ile, kengele ijaribiwe na kusikilizwa katika kila bweni, na matokeo yaandikwe katika daftari pamoja na jina la aliyejaribu. Kila baada ya miezi sita fundi aje, asafishe vumbi, apime betri, na avijaribu vigunduzi kwa moshi wa majaribio. Rangi inapopakwa, vifunikwe, kisha vifunuliwe. Kikilia bila moto, itafutwe sababu na iondolewe; anayekikata nyaya apate usingizi, amenunua usingizi mrefu kuliko aliokusudia.

Jambo moja bado, nalo nisiponena nitakuwa nimekudanganya. Kengele huamsha, haifungui kufuli. Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mtoto aliyeamshwa mbele ya mlango uliofungwa ameongezewa uchungu tu. Kwa hiyo kigunduzi na mlango ulio wazi ni ndugu mapacha. Anayetaka kimoja bila kingine hajaelewa maana ya wokovu.

Nawe, mwanafunzi, usidhani kwamba maneno haya ni ya bodi na walimu peke yao. Ni wewe unayelala humo. Leo jioni inua macho utazame dari ya bweni lako. Ikiwa hakuna chombo, uliza kwa adabu, kwa njia ya kiranja wako, kitatiwa lini. Na usipojibiwa, uliza tena. Ikiwa kipo, uliza kilijaribiwa siku gani, na omba kuliona daftari. Usikivunje kwa mzaha, usikifunike kwa soksi ili uvute sigara kwa siri, usiibe betri yake kwa ajili ya redio. Mwizi wa betri hiyo haibi kitu cha shule. Huiba dakika chache za watu wote wanaolala chini yake, na dakika hizo hazirudishwi.

Wazee waliosema kwamba ajali haina kinga hawakuwa wajinga. Walisema hivyo katika siku ambazo aliyelala hakuwa na wa kumwamsha. Siku hizo zimepita. Sisi tunaye mlinzi asiyelala, asiyedai mshahara, anayetaka kufutwa vumbi tu na kusikilizwa mara moja kwa wiki. Tukimkataa, au tukimwacha afe darini kimya kimya, basi siku ya msiba tusimame mbele ya wazazi tuwaambie kweli: kinga ilikuwapo, na sisi hatukuitunza.