Wakubaliane kwanza, mifumo baadaye

Aprili 2018 nchi 22 za Ulaya zilitia saini tamko la kushirikiana katika blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na wengi kwa pamoja, ambalo hakuna mmoja awezaye kulibadili kwa siri. Moja ya kazi zilizopewa kipaumbele ni vyeti vya masomo. Mhitimu hubaki na cheti chake kwenye simu; daftari la pamoja huhifadhi orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na funguo za kuhakiki saini zao. Mwajiri wa nchi jirani huhakiki papo hapo, bila kukiandikia chuo barua na kusubiri. Taarifa binafsi haziingii kwenye daftari, na hilo ni jambo la maana sana, kwa kuwa kilichoandikwa humo hakifutiki.

Tunaiona njia hiyo kuwa salama kuliko kujenga madaraja ya kuhamisha mali kutoka blokicheni moja hadi nyingine. Machi 2022 wezi walivamia daraja la Ronin, la mchezo wa Axie Infinity, wakapata funguo tano kati ya tisa za kuidhinisha uhamisho na kukomba zaidi ya dola milioni 600. Hati muhimu, kwa mfano ya shamba la mjane, haifai kupitishwa mahali kama hapo.

Kwa hiyo wizara zetu zisilazimishwe kununua mfumo wa aina moja. Zikubaliane muundo wa cheti na nani ana mamlaka ya kukitoa au kukibatilisha, na hayo yaingie kwenye sheria kabla zabuni haijatangazwa.