Kabla ya hema, angalia kiungio

Leo siasa tuziweke pembeni. Nataka tuongee juu ya kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa ngumi yangu, ambacho mwezi Juni 2022 nusura kiondoke na roho ya mtoto wa watu mbele ya macho yangu.

Tuanze na ugonjwa wetu mpya vijana wa mjini. Zamani ukipata gari kubwa ulikuwa unalipeleka ufukweni Jumapili, unafungua milango, unapiga muziki, basi. Siku hizi mtu anataka kulala porini. Kalala Mikumi, kalala Ruaha, kalala chini ya Ol Doinyo Lengai, na picha tumeziona wote. Wengine wameenda mbali zaidi na sasa wanavuta tela: hema linafunguka juu yake, friji humo, jiko la gesi humo, na tangi la maji. Mengi yanatoka Afrika Kusini, ambako kutengeneza matela ya porini ni biashara ya miaka mingi. Wasafiri wanakuja nayo kwa barabara, na safari ikiisha kuna wanaoona uvivu kurudi nayo, wanayauza hukuhuku.

Mshikaji wangu alinunua moja la namna hiyo. Tela zuri, hilo simnyimi. Alitumia miezi miwili akibadilisha mambo: godoro jipya, taa za sola, friji kubwa zaidi, hadi kijisinki cha kuoshea vyombo. Kitu alichokishughulikia kwa muda usiozidi nusu saa ni kile kinacholiunganisha tela na gari. Gari lake halikuwa na goroli la kuvutia (ndiyo, lile duara la chuma nyuma ya gari, mimi naliita goroli), kwa hiyo akaenda kwenye karakana moja, fundi akamchongea kwa mashine, akalichomelea kwenye bamba, akalipa, akaondoka. Tela likakaa. Tukatikisa, likatulia. Safari.

Lami haikuwa na shida. Hata changarawe za mwanzo hazikuwa na shida. Tumeshapita Engaruka, tunaelekea Ngare Sero, njia ikaanza kuwa ile mnayoijua: vijituta mfululizo kama mgongo wa bati, kisha korongo, kisha vumbi laini, kisha korongo tena. Tukashuka korongo moja kwa mwendo wa mtu anayetembea, tukapanda upande wa pili. Nikasikia mlio kama mtu kapiga nyundo kwenye sufuria. Nikageuka. Tela lilikuwa linatuaga.

Lilirudi kinyumenyume kuelekea korongoni, na kule chini kulikuwa na mbuzi wanavuka na kijana mdogo wa Kimasai, miaka tisa au kumi hivi, kasimama katikati yao na fimbo yake. Yule mtoto aliruka. Sijui aliona nini au alisikia nini, ila aliruka. Tela likapita pale alipokuwa, likabinukia kwenye mchanga. Mbuzi mmoja alivunjika mguu. Wazee walikuja, tukakaa chini ya mti, tukaomba radhi, mshikaji akalipa shilingi 120,000 za mbuzi. Hakuna aliyetupigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi mjini niliazima kipimo cha fundi, kile cha kubana, nikalipima goroli. Milimita 48. Kikombe cha tela kilikuwa cha milimita 50, na kimeandikwa hivyo waziwazi juu yake! Milimita mbili, jamani.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza, na maoni yangu ni haya: kwa njia zetu za porini, kiungio ndicho kitu cha kwanza cha kuchagua, kabla ya hema, kabla ya friji, na goroli la kawaida si chaguo la kule, hata likiwa la saizi sahihi.

Chukua korongo la kawaida. Gari limeshapanda ng'ambo, tairi la kulia liko juu ya jiwe, mwili wote umelala kushoto. Tela bado liko kwenye mteremko wa nyuma, tairi lake la kushoto ndilo lililopanda jiwe, limelala kulia. Hapo kiungio kinaombwa mambo matatu kwa mpigo: kukata kona, kuinama na kuinuka, na kujiviringa kama mtu anayekamua nguo. Goroli linaweza kona vizuri sana. Kuinama linaweza kwa kiasi. Kujiviringa ni kidogo mno, kwa sababu mdomo wa kikombe unafika mahali unagonga shina la goroli. Ukishagonga, umetengeneza wenzo, na nyuma ya wenzo huo kuna tani nzima ya tela. Kitu kitaachia: kikombe kitachomoka, au chuma kitapinda, au tela likiamua kupinduka litauvuta mkia wa gari lako nao uende.

Waaustralia, ambao wana nchi kubwa yenye vumbi kama letu na wanapenda matela kuliko sisi tunavyopenda mpira, walishalifanyia kazi jambo hili siku nyingi. Wana viungio vya aina kadhaa ambavyo vinazunguka duara kamili, nyuzi 360, kiasi kwamba tela linaweza kulala ubavu na gari likabaki limesimama.

Ya kwanza si yao hasa, ni ya majeshi: ndoano nyuma ya gari na pete nene kwenye shingo ya tela. Utaiona kwenye malori ya jeshi karibu kila nchi. Ina nguvu za ajabu na haina cha kuharibika. Ubaya wake ni kwamba pete inachezacheza ndani ya ndoano. Kila ukikanyaga breki, ngo! Kila ukiondoka, ngo! Siku tatu za mgongo wa bati na ile ngo utatamani kutembea kwa miguu, na wakati huohuo chuma kinasagana na boliti za gari zinapokea nyundo mchana kutwa.

Kuna ya pini na bloku. Treg ni jina linalojulikana sana huko. Kwenye shingo ya tela kuna bloku la plastiki ngumu inayofanana na mpira, linaingia kati ya mabamba mawili yaliyo kwenye gari, unapitisha pini, unaifunga. Kimya kabisa. Ubaya: matundu lazima yalingane, kwa hiyo urudi nyuma kwa uangalifu, mtu mmoja nje anapiga kelele "kulia, kulia, basi!", na mahali penye mteremko ndoa inaweza kuvunjika. Tena bloku linalika polepole, inabidi kulikagua na siku moja kulibadilisha.

Kuna McHitch, ambayo ukiiona utafikiri fundi kaiba jointi ya propela akaiweka nje. Na kuna DO35, siku hizi ndiyo kipenzi cha wengi kule: pini fupi nene imesimama kwenye gari kama uyoga, kikombe cha tela kinaishukia na kujifunga chenyewe. Inabeba hadi kilo 3,500, na kuunganisha ni rahisi kama goroli, kidogo tu useme bismillahi.

Sasa, kama unaishi Brisbane, nunua DO35, mazungumzo yameisha. Lakini sisi tunaishi huku. Swali langu ni hili: kikiharibika Ngare Sero saa kumi jioni, nani atakitengeneza? Kile cha kujifunga chenyewe kina vipande vidogo ndani ambavyo vinataka usafi, na vumbi letu halina adabu. Kipande kikivunjika, unasubiri mzigo kutoka Australia. Pini na bloku unaweza kuvibeba vya akiba kwenye boksi la spana, na ukivibadilisha unatumia akili ya kawaida na nyundo. Ndiyo maana mimi kura yangu naipa pini na bloku, na kwa mwenye hela zaidi ile ya jointi. Urahisi wa kuunganisha nausamehe. Dakika tano za kelele za "kulia, kulia" hazijawahi kumuua mbuzi wa mtu.

Najua kuna watakaosema Waafrika Kusini wamezunguka Namibia yote na goroli na hawajafa. Kweli. Na kama wewe safari zako ni lami mpaka lango la Mikumi na changarawe kidogo ndani, baki na goroli lako, ila liwe goroli la kiwandani lenye saizi na uzito vimepigwa muhuri juu yake. Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui: la milimita 50 na la inchi mbili si kitu kimoja. La inchi mbili ni milimita 50.8. Kikombe cha 50 juu ya goroli la 50.8 kinaweza kukataa kufunga sawasawa, na kikombe cha inchi mbili juu ya goroli la 50 kinacheza. Na kuna la inchi moja na saba ya nane, ambalo ni milimita 47.6. Ukilitazama kwa jicho utaapa ni yaleyale. Magari yetu yanatoka Japani, Uingereza, Dubai, matela yanatoka Afrika Kusini, kwa hiyo wewe ndiye wa kupima, siyo muuzaji.

Kuhusu kuchomelea nina hasira zangu. Kichwa cha tela kifungwe kwa boliti, zile zenye namba 8.8 kichwani au zaidi, siyo kuchomelewa na mtu ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa anachomelea geti. Sina ugomvi na mafundi wetu. Yule wetu alifanya alichoombwa, na sisi ndio tuliomwomba kitu cha kijinga kwa bei ya kijinga.

Minyororo: tulikuwa nayo mmoja, tumeufunga kwa kufuli. Kufuli la mlango! Lilipasuka kama biskuti. Inatakiwa miwili, ipishane kama herufi X chini ya shingo ya tela ili shingo ikidondoka idakwe isichimbe ardhi, mirefu kiasi cha kuruhusu kona lakini isiburuze chini, na ifungwe kwa pingu za chuma zilizoandikwa uzito zinaobeba. Breki nazo: Australia na Afrika Kusini tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Kama zako ni zile za kusukumwa, ambazo tela linajifunga breki lenyewe gari likipunguza mwendo, usinunue kichwa chochote bila kuhakikisha kinaingiliana na mfumo huo.

Na uzito. Waaustralia wanapenda sehemu ya kumi ya uzito wa tela ikae juu ya kiungio. Tela la kilo 1,200, basi kilo 120, yaani mama yangu mdogo na mtoto wake wamekaa nyuma ya gari (atanisamehe). Ukipunguza sana, tela linaanza kuyumba kwa kasi. Mshikaji alikuwa ameweka maji na jenereta nyuma kabisa, kwa hiyo shingo ya tela ilikuwa nyepesi hata mimi niliweza kuinyanyua. Wakati ule nilijiona nina misuli.

Kuna jambo moja zaidi, na hili halihitaji uwe na tela. Gari likikwama kwenye tope, Watanzania tunafunga kamba kwenye goroli. Nimeona, nimefanya, nimepiga picha nikicheka. Goroli halikutengenezwa kwa mvuto wa ghafla. Likikatika, ile kamba iliyonyooka inalirusha kama teo, na nchi za watu limeshapita kwenye vioo vya magari na kuua waliokaa ndani. Mwombe fundi akufungie ndoano halisi ya kukwamulia kwenye chesi. Na watu wasogee mbali na kamba, hasa wale watoto wa kijiji wanaokuja kushangilia.

Mshikaji alilitengeneza tela. Bati limenyooshwa, hema limeshonwa. Wiki iliyopita kanipigia simu: "Kaka, nimepata friji nyingine, inagandisha hadi nyama." Nikamuuliza kiungio je. Kimya. Akasema bei ya pini na bloku pamoja na usafiri wa kuleta inaumiza. Nikamuuliza friji ni shilingi ngapi. Akacheka, nikacheka, halafu hatukucheka.

Friji amemrudishia muuzaji. Tumekubaliana kwamba tutarudi Ngare Sero mara kiungio kitakapofika na kufungwa, na yeye mwenyewe anataka tusimame pale korongoni tumsalimie yule mtoto. Mimi nimeshanunua kipimo changu, na siku ya kufunga nitakuwepo gereji.