Mpigapicha za Eksirei Asizuiwe Kusema Alichokiona

Bweranyange, yaliyokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, inajulikana katika historia kwa kazi za chuma. Mhunzi aliutambua wakati wa kupiga nyundo kwa rangi ya chuma motoni. Hakumngoja mtu mwingine wa mbali aje kumwambia kile ambacho macho yake yalikwisha kukiona. Katika vyumba vya eksirei vya leo mambo sivyo yalivyo.

Ichukuliwe hali ya mkulima wa Bweranyange aliyeteleza mgombani na kuumia kifundo cha mkono. Katika hospitali ya wilaya atapigwa picha. Mfupa, kwa kuwa una kalsiamu nyingi, huizuia mionzi kuliko nyama, na kwa hiyo huonekana mweupe. Ufa huonekana kama mstari mweusi. Mtu wa kwanza kuuona ufa huo ni mpigapicha. Lakini kwa desturi kazi yake huishia katika kuipiga picha vizuri. Kuifasiri ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia, na mabingwa hao wengi wamo katika hospitali kubwa za mijini, kama Bugando iliyoko Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Viktoria.

Je, mpigapicha aruhusiwe kuandika maoni ya kwanza? Wapigapicha wenyewe hawana kauli moja. Wako wanaoona kwamba elimu yao inapotea bure wakinyamaza. Wengine wanahofia kuongezewa mzigo bila mafunzo wala ujira, na kushtakiwa wakikosea. Hofu hiyo si woga, ni busara. Kivuli katika pafu chaweza kuwa kifua kikuu, nimonia au saratani, na mwenye kukosea hucheza na uhai wa mtu.

Hata hivyo, hoja ya hatari haitoshi kulifunga jambo hili. Katika uchunguzi wa mawimbi ya sauti, yule anayeshika kifaa hana budi kufasiri papo hapo anachokiona, maana asipokitambua hatajua aelekeze kifaa wapi. Huko Uingereza, katika miaka ya 1980, baadhi ya hospitali ziliwaruhusu wapigapicha kubandika alama nyekundu kwenye picha iliyowatia shaka, ili daktari wa zamu aiangalie kwa makini zaidi. Baadaye waliopata mafunzo maalumu waliruhusiwa kuandika taarifa kamili.

Tanzania nayo ina funzo lake. Tangu miaka ya 1960 madaktari wasaidizi walifunzwa kazi nyingi, zikiwemo za upasuaji. Uchunguzi uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, na kutangazwa mwaka 2009, haukuona tofauti kubwa kati ya matokeo ya upasuaji wao wa uzazi wa dharura na ya madaktari kamili. Kilichowawezesha ni mafunzo na mazoezi, wala si cheo.

Kwa hiyo njia ya haki ni kwenda hatua kwa hatua. Kwanza iwe alama ya shaka. Kisha maoni mafupi juu ya mifupa iliyovunjika na picha za kifua. Na mwisho taarifa kamili kwa waliofuzu mtihani wake. Tangu mwaka 2007 nchi ina sheria inayoihusu taaluma hii. Kila wajibu unaoongezwa uandikwe waziwazi, pamoja na ujira na kinga yake. Tena picha zilizosomwa zikaguliwe na bingwa mara kwa mara, ili makosa yawe somo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta zitumike kusoma picha za kifua katika kuwasaka wagonjwa wa kifua kikuu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ikiwa mashine imeaminiwa kutoa maoni ya kwanza, ni vigumu kueleza kwa nini binadamu aliyesomea kazi hiyo aamriwe kunyamaza. Mwanafunzi anayejifunza leo fizikia na biolojia huko Karagwe anastahili kujua kwamba kesho elimu yake itapewa sauti.