Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi na JKT: ikama ya vita isituache mikono mitupu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Inyonga, wilayani Mlele, mkoani Katavi. Siri za jeshi sizitaki. Nauliza hesabu moja tu: nchi ikiingia vitani, hospitali za jeshi, kuanzia Lugalo, zitahitaji wahudumu wangapi, na watatoka wapi?

Wengi huanza na majeruhi wa risasi. Vita vya Kagera vinatufundisha vingine: kati ya wanajeshi wetu 373 wanaotajwa kufa, 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Hata katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916, kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kiliingia kupigana huku Afrika Mashariki mwezi Februari kikiwa na watu 1,135. Ilipofika Oktoba, wenye afya ya kupigana walikuwa 116, na wengi hawakuwa wamepigana kabisa. Maradhi yaliwamaliza. Anayepanga madaktari wa upasuaji peke yao atajikuta na visu vikali na wadi ya wagonjwa wa homa wasio na wa kuwapa maji.

Halafu kuna zamu. Wiki ina saa 168. Saa 40 za muuguzi mmoja hazifikii hata robo yake, na bado hujaondoa likizo wala siku anazougua mwenyewe. Nafasi moja ya usiku na mchana inataka watu watano. Wafua nguo, watu wa maabara na madereva wa ambulensi nao wahesabiwe hivyo hivyo.

Kinachonisumbua hasa ni wanakotoka. Mwaka 1978, kwa vita hivyo vya Kagera, jeshi lilipanda kutoka watu kama 40,000 hadi zaidi ya 100,000 kwa kuita mgambo, polisi, Magereza na JKT. Likirudiwa hilo, wataalamu wa usingizi wataitwa kutoka wilayani. Akiondoka huyo mmoja aliyepo, chumba cha upasuaji kinajifunga chenyewe, na mama mwenye uchungu pingamizi anasafirishwa Mpanda, zaidi ya kilomita 100. Na vita vikileta wakimbizi, wagonjwa huku wanaweza kuongezeka: mauaji ya Burundi ya 1972 ndiyo yaliyoleta wakimbizi Katumba, huku huku Katavi.

Kaeni na Wizara ya Afya na TAMISEMI sasa, kukiwa na amani. Kila hospitali ya wilaya iandikiwe idadi ambayo jeshi halitaigusa, kada kwa kada, na wauguzi wastaafu wenye nguvu waorodheshwe kabla hawajahitajika. Mkianza na Katavi, orodha yetu haitakuwa ndefu.

Mkazi wa Inyonga