Wageni Wengi, Chungu Kimoja

Mwisho wa mwezi mmoja, katika ofisi niliyofanya kazi, mishahara ilichelewa siku mbili. Nyumbani tulichukua unga dukani kwa mkopo. Hakuna aliyeiba, wala umeme haukukatika. Kompyuta yetu ilikuwa imeelemewa na wageni.

Kompyuta moja huweza kubeba ndani yake mashine pepe nyingi. Mashine pepe ni programu itendayo kazi kama kompyuta kamili: moja hutunza mishahara, nyingine barua, nyingine hesabu za ghala. Zote hula katika chungu kimoja, yaani kumbukumbu ya kompyuta mwenyeji. Chungu chetu kilikuwa cha gigabaiti 32, nasi tuliziahidi mashine 6 gigabaiti 8 kila moja, jumla 48! Siku za kawaida hatukugundua kosa, maana hazikuwa zikila kwa pamoja. Mwisho wa mwezi zote zilidai haki yao. Mwenyeji akalazimika kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno, na kazi ikasimama.

Wataalamu wamelifikiria jambo hili. Mwaka 2002 Carl Waldspurger, wa kampuni ya VMware huko Marekani, alieleza njia ya puto. Ndani ya kila mgeni huwekwa programu ndogo. Mwenyeji akipungukiwa, puto hufura, mgeni huachia kumbukumbu asiyoihitaji sana, naye mwenye haja hupewa. Alieleza pia namna ya kodi: mgeni aliyehodhi kumbukumbu bila kuitumia ndiye apunguziwaye kwanza.

Lakini puto haliongezi unga katika debe. Likifura kupita kiasi, mgeni mwenyewe hukwama. Dawa yetu ilikuwa hesabu. Tulipima matumizi ya siku yenye kazi nyingi kuliko zote, si ya siku tulivu. Tukamwachia mwenyeji gigabaiti 4 zake mwenyewe, mashine ya mishahara tukaiwekea 8 zisizoguswa, na zile 5 zilizobaki tukazigawia 4 kila moja. Jumla 32 kamili. Tangu hapo mishahara haikuchelewa tena kwa sababu hiyo.

Mama wa nyumbani agawaye posho ya mwezi hahitaji kufundishwa haya. Hutenga kwanza unga na karo, ndipo aahidi kitenge. Ahadi ni rahisi siku ambayo hakuna anayedai. Ipimeni kwa siku watakayodai wote.