Njia ya Mangweni



Mama mmoja alinijia baada ya darsa. Mwanawe alikuwa ameacha tembo kwa miezi minne na hakosi swala ya jamaa. Jioni moja akapita njia ya mangweni alikozoea kukaa, akarudi nyumbani usiku wa manane, amelewa. "Maalim," aliniuliza, "toba yake ilikuwa ya uongo?"

Uharamu wa ulevi hauhitaji ushahidi wa maabara, wala siuombei udhuru. Lakini nilikumbuka utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature.

Ini livunjapo pombe hutoa kitu kiitwacho asetati, nacho husafiri katika damu hadi ubongoni. Ndani ya seli, jeni zetu zimo katika uzi mrefu uliozungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama uzi wa kushonea ulivyozungushwa kijitini. Palipokazwa, jeni haisomeki. Palipolegezwa, husomeka ikafanya kazi. Wataalamu wale waliona kwa panya kwamba asetati ya pombe, kwa msaada wa kimeng'enya kimoja, hupachikwa kwenye histoni hizo, hata katika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu za mahali. Jeni zenyewe hazibadiliki. Hubadilika usomwaji wake.

Panya walipewa pombe katika chumba kimoja kati ya viwili. Walipoachiwa wachague, walikipendelea chumba cha pombe. Wenzao waliopunguziwa kimeng'enya kile katika sehemu ile ya ubongo hawakukipendelea. Na kwa panya wenye mimba (hili wasikie na waume), asetati ya pombe ilikutwa imefika katika ubongo wa vijusi tumboni.

Panya si binadamu, lakini nilimwambia mama yule: toba ni baina ya mwanao na Mola wake, mimi sina mizani ya kuipima. Ila usimshangae kuvutwa na mahali. Mpelekeni kwa daktari, na mtafutieni njia nyingine ya kutoka kazini, hata ikiwa ndefu, nduguye amsindikize siku hizi za mwanzo.

Alinyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Njia ya ufuoni ina mangwe jengine. Ya sokoni, mawili. Ya nyuma ya skuli ina matope msimu huu, lakini inapitika.