Sahihi ya Mdhamini

Hapa Lubumbashi, katika Katuba na Ruashi, wapo wake ambao waume zao wanaishi Marekani. Mume akitaka kumwita mkewe, mahari aliyotoa hayatoshi. Serikali ya kule yataka hakika kwamba mke hatakuwa mzigo wake. Kwa sheria ya mwaka 1996, mume hutia sahihi hati ya udhamini, na kuonyesha pato lisilopungua asilimia 125 ya kipimo cha umaskini. Mwaka 2025, kwa nyumba ya watu 2, pato hilo lilikuwa dola 26,437 kwa mwaka.

Mshahara usipofika, mdhamini wa pili huruhusiwa, akiwa raia wa Marekani au mwenye kibali cha kukaa huko daima. Hapo ndipo tunapomwandikia jamaa: “Ndugu yetu, tia sahihi tu.” La, si sahihi tu! Mke akipokea misaada fulani ya serikali, ndugu huyo aweza kudaiwa fedha zile. Wala talaka haimfungui. Hufunguliwa mke akipata uraia, akihesabiwa robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, akihama nchi kabisa, au mmoja wao akifa.

Basi yafaa tumweleze ndugu yote kabla hajashika kalamu. Akikataa, tusimwite mchoyo, maana naye ana watoto wa kulisha. Akikubali, tujue kwamba amebeba mzigo wetu, na mke asaidiwe mapema kupata kazi.